Uzi wa vimelea: kabla ya kuuliza "nimekula nini", uliza mayai yametoka kwa nani

#1 MpimaSlaidi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha mno, leo acha niutoe kifuani.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kuinamia hadubini: kinyesi, damu, mkojo, makohozi. Kuna swali limenichosha masikio. Mgonjwa ameanza kuanguka kifafa ukubwani, amepigwa picha ya kichwa, ameambiwa ana vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Anakuja dirishani kwangu, uso umemshuka, anasema: "Mtaalamu, mimi nyama ya nguruwe sijaionja tangu nizaliwe. Hawa wamenifikiaje?" Na ndugu aliyemsindikiza anamkata jicho la "sema ukweli wewe".

Anasema kweli. Katika ugonjwa huo wa ubongo, mla nguruwe na asiyemla wako kapu moja.

Nianze na maneno mawili matatu ili tusipotezane. Kimelea kina nyumba na kina njia. Mnyama ambaye ndani yake kimelea kinakomaa na kutaga, vitabuni anaitwa mwenyeji wa mwisho. Hapa nitamwita mwenye nyumba. Anayebeba mabuu tu mpaka aliwe anaitwa mwenyeji wa kati. Huyo nitamwita mpagazi. Halafu kuna sisi, ambao mara nyingi hatumo hata kwenye ramani: kimelea kinaingia kwetu kwa kupotea, hakipati pa kutokea, kinafia humo humo baada ya kutuharibu. Hicho ni kichochoro kisichotokea.

Nitaandika kwa vipande. Maswali ruksa.

#2 NgomaNzito

Nimeshaweka kiti mbele kabisa. Twende kazi mkuu.

#3 MpimaSlaidi

Tegu wa nguruwe, Taenia solium. Jina limemponza nguruwe bure. Tegu mkubwa, ule utepe mweupe wa mita 2 mpaka 7, haishi ndani ya nguruwe hata siku moja. Anaishi kwenye utumbo mwembamba wa binadamu na hana nyumba nyingine. Amejishikiza ukutani kwa vinywa vinne vya kunyonya na taji la ndoana, anakula unachokula, na mwenye naye mara nyingi hana habari. Pingili za mkiani zikikomaa zinakatika na kutoka na choo. Pingili moja iliyojaa inaweza kuwa na mayai mpaka 50,000.

Hapo ndipo njia inapogawanyika, na ndipo watu wanapochanganya mambo.

Njia ya kwanza: nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha mtu. Mayai yanafunguka tumboni mwake, vijibuu vinatoboa utumbo, vinapanda damu na kwenda kutulia kwenye misuli. Baada ya miezi miwili mitatu kila kimoja kimekuwa kifuko cheupe chenye maji, chini ya sentimita moja. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, kifuko kinafunguka na kichwa cha tegu kinajishika utumboni. Huyo amepata TEGU. Ubongo wake haujaguswa.

Njia ya pili: mtu anameza MAYAI. Mayai hayako kwenye nyama. Yako kwenye choo cha mtu mwenye tegu, kwa hiyo yako kwenye mikono yake asiponawa, kwenye maji, kwenye mboga mbichi iliyomwagiliwa maji machafu. Yai hilo likifika tumboni halijui kwamba limeingia kwa mtu. Linamfanyia yale yale linalomfanyia nguruwe: buu linatoboa utumbo, linapanda damu, linatulia kwenye misuli, kwenye jicho, kwenye ubongo. Mtu kageuzwa mpagazi, na kwa kuwa hakuna wa kumla, safari imeishia hapo.

Kwa hiyo yule mgonjwa wangu hakula nguruwe. Alimeza mayai ya tegu wa mtu mwingine, na uwezekano mkubwa mtu huyo ni wa karibu: wanakula sufuria moja, wanatumia choo kimoja. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako ugonjwa huu umeota mizizi, takriban asilimia 30 ya kifafa kinatokana na huyu.

#4 Bi_Shamsa

Subhanallah. Yaani hapa nilipo nimeacha kikombe mezani. Kwa hiyo kuepuka nguruwe hakunisaidii kitu?

#5 MpimaSlaidi

Kunakusaidia usiwe mwenye nyumba, dada. Hutakuwa na tegu utumboni, na hilo si dogo kwa wanaokula unachopika. Lakini dhidi ya mayai hakuna kinga hapo.

Mfano ambao haubishaniki: mwaka 1992 madaktari walitoa taarifa ya wagonjwa wanne wa New York, Marekani, wote kutoka jamii ya Wayahudi washika dini ambao nguruwe kwao ni haramu kabisa. Degedege, vifuko kwenye ubongo. Watatu kati yao hawakuwahi hata kusafiri kwenda nchi zenye ugonjwa huu. Wachunguzi walipoingia majumbani waligundua kuwa familia hizo zilikuwa na wasaidizi wa ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na Kati ambako tegu huyu ni wa kawaida, na mmoja alikutwa na tegu hai tumboni. Naomba lieleweke vizuri hili kabla mtu hajakimbilia kulaumu: yule msaidizi naye ni mgonjwa ambaye hakuna aliyewahi kumpima. Dawa ya tegu wake ni ya kumeza mara moja tu.

#6 MtuWaKando

Mkuu, kwenye hadubini unamjuaje huyu ni wa nguruwe na yule ni wa ng'ombe?

#7 MpimaSlaidi

Swali zuri, na nitalijibu kwa raha maana ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda.

Kwa yai, humjui. Mayai ya tegu wote wawili yanafanana kama shilingi mbili: duara, ganda nene la kahawia lenye mistari kama miale ya gurudumu, na ndani vijindoana sita. Ukiona yai hilo unaandika "mayai ya tegu" na unaishia hapo. Ukiandika zaidi ya hapo unabuni.

Pingili ndiyo inayosema. Unaiosha, unaibana katikati ya slaidi mbili mpaka inalala bapa, unaingiza wino mweusi kidogo kwa sindano nyembamba kwenye mfuko wa uzazi, halafu unainua kwenye mwanga. Wino unakimbia kwenye matawi kama mto unaofurika. Unahesabu matawi makuu upande mmoja kuanzia kwenye shina. Yakiwa 7 mpaka 13, wa nguruwe. Yakizidi 15, wa ng'ombe. Yakiwa 14 au 15, unavuta pumzi na kutafuta pingili nyingine. Na unavaa glavu, maana kama ni wa nguruwe yale mayai yameshaiva: yakitoka tu yanaambukiza, hayasubiri udongo wala jua.

Wa ng'ombe ana tabia nyingine, pingili zake zinatembea zenyewe. Mtu anakuja kulalamika kwamba kuna kitu kinamtambaa kwenye nguo ya ndani akiwa amekaa kikaoni. Aibu tupu, lakini ukweli ni kwamba huyo ana bahati: mayai ya tegu wa ng'ombe hayamgeuzi mtu mpagazi. Ubongo wake uko salama.

#8 Mzee_Kiraka

Wote mnazunguka mbuyu. Suluhisho ni rahisi: kila mtu ameze dawa za minyoo, prazikwanteli na albendazo, kila baada ya miezi mitatu, kwisha habari. Mimi nyumbani kwangu tunameza wote, wakubwa kwa wadogo.

#9 MpimaSlaidi

Mzee wangu, shikamoo. Nakuomba taratibu kidogo hapo.

Prazikwanteli inapita kwenye damu na kufika mpaka kwenye ubongo. Kama ndani ya kichwa kuna vifuko vilivyolala kimya, inaweza kuviamsha. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui: kifuko kikiwa hai, ubongo hukivumilia kwa miaka. Kimelea kina ujanja wa kujificha kwenye kinga ya mwili. Kikianza kufa, ujanja unakwisha, kinga inakivamia, panavimba, na hapo ndipo degedege linapoanza. Waingereza waliwafuatilia askari wao waliokuwa wametumikia India, wakaona kifafa kikiwaanza miaka kadhaa baada ya kurudi kwao, wakati ambapo hakuna anayekumbuka alikula wapi. Sasa wewe ukiviua vifuko kwa mkupuo bila daktari, bila dawa ya kutuliza uvimbe, unaweza kumwangusha mtu aliyekuwa anatembea vizuri tu.

Zipo kampeni rasmi zinazowapa watu dawa kwa wingi, na zina dozi zake ndogo na wahudumu wanaouliza kwanza kuhusu kifafa na maumivu makali ya kichwa. Mara nyingine wanachagua niklosamidi, ambayo inabaki utumboni na haiingii kwenye damu. Hiyo ni tofauti na kununua dukani na kugawa mezani.

#10 Mzee_Kiraka

Marahaba. Haya, hapo nimekuelewa. Ila ungeanza na hilo.

#11 DktWaMifugo_Mstaafu

Nimepita kimya kimya, sasa naona nichangie. Upande wa nguruwe tunayo chanjo, TSOL18, na dawa ya oksfendazo, dozi moja inasafisha misuli. Ukimtibu binadamu na nguruwe kwa pamoja unakata pande zote mbili. Huko Tumbes, Peru, walifanya hivyo na maambukizi yakasimama katika eneo kubwa. Ukitibu upande mmoja tu, mwingine unaujaza tena.

Mtoa mada, usimsahau mbwa.

#12 MpimaSlaidi

Simsahau, daktari, ndiye nilikuwa namwendea.

Ekinokokasi. Huyu tegu ni kinyume cha yule wa kwanza kila kona. Ni mdogo, milimita 2 mpaka 7, na mwenye nyumba ni mbwa. Mbwa mmoja anaweza kuwa nao maelfu na asikose hata mlo mmoja. Mpagazi ni kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia: wanameza mayai malishoni, kwenye ini na mapafu yao yanaota mabofu ya maji. Mnyama akichinjwa, ini lenye mabofu linatupiwa mbwa. Duara limefungwa.

Sisi tunaingia wapi? Yai limenata kwenye manyoya ya mbwa, mtoto anamkumbatia, analamba vidole. Bofu linaota kwenye ini la mtoto, polepole, miaka na miaka, bila maumivu, mpaka siku mtu mzima anaenda kupimwa tumbo na kukutwa na kitu cha ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Ndani kuna maji maangavu kama ya chemchemi na mchanga mweupe unaotuama chini. Kila chembe ya huo mchanga ni kichwa cha tegu mtarajiwa. Likipasukia tumboni, mwili unaweza kupata mshtuko wa mzio wa kuua, na chembe zilizomwagika zinaota mabofu mapya. Ndiyo maana daktari wa upasuaji analishika kama yai bichi.

Rudi kwenye swali letu: mayai yametoka kwa nani? Kwa mbwa. Basi kumkaripia mtu apike nyama vizuri hakusaidii lolote hapa. Iceland walilielewa hili mapema. Karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa kimejaa ugonjwa huu. Mtafiti wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda mwaka 1863, akapasua mbwa 100, akawakuta 28 wanao. Kilichofuata hakikuwa dawa ya ajabu. Kijitabu cha kueleza watu mzunguko wenyewe kiligawiwa majumbani, mwaka 1869 ikaja sheria juu ya mbwa, na viungo vyenye mabofu vikaanza kuchomwa au kuzikwa badala ya kutupwa. Ugonjwa ukaisha kabisa kisiwani. Na hiyo ni kabla prazikwanteli haijafikiriwa.

Mpaka leo nikikisoma kisa hicho nafarijika.

#13 NgomaNzito

Kijitabu tu?? Watu walisoma kweli?

#14 DktWaMifugo_Mstaafu

Walikuwa wanajua kusoma karibu wote, na majira ya baridi huko ni marefu, cha kufanya ni kusoma. Msidharau. Siku hizi tunaongezea dozi ya prazikwanteli kwa mbwa angalau mara nne kwa mwaka, lakini msingi ni ule ule: mbwa asipewe viungo vibichi.

#15 MamaMtarajiwa

Samahanini kuingilia. Nina mimba ya miezi minne na nyumbani tuna paka wawili. Mama mkwe ananiambia niwatoe, la sivyo mtoto atazaliwa kipofu. Nimelia usiku kucha. Ni kweli?

#16 MpimaSlaidi

Pole, dada, na hongera. Futa machozi kwanza.

Mama mkwe ana chembe ya ukweli. Kimelea anachokisema ni toksoplazma, na ni kweli paka ndiye mwenye nyumba. Lakini angalia tabia yake. Paka hutoa mayai kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida mara moja maishani, pale anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa mdogo na ameanza kuwinda. Na yai likitoka halijaiva. Linahitaji siku 1 mpaka 5 nje ndipo liweze kuambukiza. Kwa hiyo mchanga wa choo cha paka ukitolewa kila siku, mayai yanaondoka kabla hayajawa na madhara. Mwambie mume ndiye afanye kazi hiyo, kila siku, mpaka ujifungue. Akiuliza kwa nini, mwonyeshe uzi huu.

Wengi wanaambukizwa bila kumgusa paka yeyote: kwa nyama ambayo haijaiva, kwa mboga zisizooshwa vizuri, kwa kulima bustani bila glavu. Hayo yaangalie zaidi kuliko paka wanaolala kwenye kochi na kula chakula cha kopo.

Halafu hatari kubwa ni maambukizi MAPYA wakati wa ujauzito. Kama uliambukizwa miaka ya nyuma, kinga yako kwa kawaida inamlinda mtoto. Karibu theluthi moja ya wanadamu wote wameshakutana naye. Muulize mkunga kuhusu kipimo cha damu, kitakuambia uko kundi gani.

#17 MamaMtarajiwa

Ahsante sana kaka. Nimemsomea mume wangu. Amenyamaza tu lakini kachukua koleo 😂

#18 Panya_Buku

Mimi mguuni nina mstari mwekundu unaotambaa, unawasha kishenzi, kila asubuhi umesogea. Na mimi ni kichochoro?

#19 MpimaSlaidi

Kichochoro kamili. Hiyo ni safura ya mbwa au paka. Buu limeingia kwenye ngozi yako kutoka kwenye mchanga, na halina kimeng'enya cha kutoboa tabaka la chini kuingia ndani. Linazunguka juu juu likitafuta njia mpaka lichoke. Litakufa lenyewe baada ya wiki kadhaa, ila hakuna sababu ya kuvumilia, dawa ipo. Nenda kituoni uonyeshe. Usilichimbe kwa pini, maana lenyewe liko mbele ya ule mstari, hutalipata.

#20 DktWaMifugo_Mstaafu

Mtoa mada, nakuheshimu, ila kuna mahali pa kukutikisa. Hesabu yako ya "mwenye nyumba" ni nzuri mpaka mwenye nyumba abadilike.

Chukua mnyoo wa Guinea. Mtu anakunywa maji yenye viroboto maji waliobeba mabuu. Baada ya mwaka hivi, mnyoo jike wa karibu mita moja anatokea mguuni kwa lengelenge linalounguza. Mtu anatumbukiza mguu majini apoe, mnyoo anamwaga mabuu, mzunguko unaanza upya. Dawa hakuna, chanjo hakuna. Unamviringisha kwenye kijiti, sentimita chache kwa siku, ukikosea akakatika ndani umeongeza balaa. Mwaka 1986 walikadiriwa wagonjwa milioni 3.5. Vitabu vyote vilisema mwenye nyumba ni binadamu, kwa hiyo chuja maji, mzuie mgonjwa asiingie bwawani, na mnyoo atakwisha. Na kweli visa vikashuka hadi 14 tu mwaka 2023.

Lakini mwaka 2012 Chad wakaanza kuona mbwa wakitokwa na mnyoo huyo huyo, na idadi ikapanda mpaka mbwa wakawapita watu kwa mbali sana. Wanadhaniwa kuupata kwa kula samaki na matumbo ya samaki. Sasa kazi imegeuka ya mbwa: kuwafunga mpaka mnyoo atoke wote, kuzika matumbo ya samaki, kutia temefosi, dawa ya kuua viroboto maji, kwenye mabwawa.

#21 MpimaSlaidi

Umenipiga pazuri, daktari. Nakubali. Swali halijabadilika, mayai (au mabuu) yanatoka kwa nani, ila jibu la mwaka jana usilibebe mwaka huu bila kuuliza tena.

Na kuuliza vibaya kunaua. Malaysia, 1998: watu wanaofanya kazi kwenye mabanda ya nguruwe wakaanza kupata homa na kupoteza fahamu. Ikasemwa ni homa ya ubongo ya Japani, ile ya mbu. Wakapuliza dawa ya mbu, wakachanja. Watu wakaendelea kufa, wakiwemo waliochanjwa. Na ajabu nyingine ilikuwa mbele ya macho: waliougua wengi walikuwa watu wazima walioshika nguruwe. Mbu hachagui hivyo. Machi 1999 mtafiti Chua Kaw Bing akakiona kirusi kipya, kikapewa jina la Nipah kutokana na kijiji cha Sungai Nipah. Mwenye nyumba alikuwa popo wakubwa wala matunda, miti ya matunda ilikuwa imepandwa kando ya mabanda, nguruwe wakapokea kutoka juu na kukieneza. Wagonjwa 265, waliokufa 105, nguruwe zaidi ya milioni moja wakauawa.

#22 Jirani_Mwema

Wakuu naomba msaada wa haraka, msinicheke. Mwanangu wa miaka 7 aling'atwa na mbwa mguuni wiki tatu zilizopita. Meno yalitoboa, damu ilitoka kidogo tu, tukapaka spiriti, kidonda kimeshapona. Mbwa hatukumjua na hajaonekana tena. Kituo cha kwanza tulichokwenda walisema ni mchubuko, tukarudishwa. Mtoto yuko vizuri, anacheza. Naona mnaongelea wanyama roho imenidunda. Si nimeshachelewa?

#23 MpimaSlaidi

HUJACHELEWA. Acha kusoma uzi huu, mchukue mtoto sasa hivi mpeleke hospitali yenye chanjo ya kichaa cha mbwa.

Nakueleza sababu ili ukifika usikubali kurudishwa tena. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakipiti kwenye damu. Kinakaa kwenye nyama ya kidonda, kinaingia kwenye mshipa wa fahamu na kupanda polepole kuelekea ubongo. Kwa kawaida inachukua mwezi mmoja mpaka mitatu, mara nyingine wiki, mara nyingine zaidi ya mwaka. Kwa muda wote huo hana dalili yoyote, na kwa muda wote huo chanjo inaweza kukiwahi. Zikianza dalili, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kutokuwa na dalili leo ndiko kunakokupa nafasi.

Kidonda kupona juu hakumaanishi chochote. Ukifika sema maneno haya: "Meno yalitoboa ngozi, damu ilitoka, mbwa hajulikani aliko." Hilo ni daraja la tatu, la juu kabisa. Anatakiwa kupewa chanjo, pamoja na imunoglobulini, ile dawa ya kinga inayochomwa pale pale palipong'atwa, hata kama pameshaota kovu.

#24 DktWaMifugo_Mstaafu

Naunga mkono kila neno. Ile kanuni ya kumwangalia mbwa siku 10 ni ya mbwa uliye naye, aliyefungwa, unayemwona anakula. Mbwa aliyetoweka anahesabiwa ni mgonjwa. Nenda.

#25 Bi_Shamsa

Nenda dada/kaka, tunakuombea.

#26 Mzee_Kiraka

Wakati tunamsubiri, mtoa mada, na sisi wengine tuking'atwa na mbwa leo tufanye nini hapo hapo?

#27 MpimaSlaidi

Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Weka saa, mzee, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Watu wanaosha dakika moja na kuona wamemaliza. Ganda la kirusi hiki ni la mafuta, sabuni inaliyeyusha. Halafu spiriti au iodini, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usishone kidonda kwanza, usipake majani wala grisi.

Mvulana wa kwanza anayejulikana kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, ni Joseph Meister wa miaka 9, aliletwa Paris Julai 6, 1885, siku mbili baada ya kung'atwa, mwili umejaa majeraha. Alipona akaishi mpaka utu uzima. Leo hii chanjo ni bora mara nyingi kuliko ile, na bado kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani watu 59,000 hivi wanakufa kila mwaka, asilimia 40 hivi wakiwa watoto chini ya miaka 15, na visa 99 kati ya 100 vinatoka kwa mbwa. Hapa nako mwenye nyumba anajulikana vizuri kabisa: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakosa pa kushika.

#28 NgomaNzito

Kwa hiyo unachoma sindano mbwa, anapona mtoto wa mtu. Sikuwahi kufikiria hivyo.

#29 Jirani_Mwema

Wakuu, tumetoka hospitali sasa hivi. Nesi wa zamu alinisikiliza mpaka mwisho, hakubisha. Kachomwa begani, kachomwa na kuzunguka lile kovu, amelia mpaka kanyamaza mwenyewe. Wametupa kadi, imeandikwa siku 0, siku 3, siku 7, na nyingine mbele. Sijaelewa: siku ya 3 nahesabu kuanzia kesho?

#30 MpimaSlaidi

Ahsante Mungu. Leo ndiyo 0. Kesho ni 1, keshokutwa ni 2, mtondo ndiyo 3. Ikiangukia siku ya mapumziko piga simu leo hii uwaulize nani yuko zamu, na kadi ipige picha kabla haijapotea.